Koti Lililozaa

Niboye, Kigali
14 Juni 2025

Kwako Mjomba Karangwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila huo uzima wenyewe nitakueleza. Mama anakusalimu sana. Jirani yetu Kaze, yule uliyemcheka mbele ya wageni kwa sababu ya wali wake wa bokoboko, naye anakusalimu. Anasema hana kinyongo. Aunti Mukantwari hajambo? Na mjukuu wako Mukunde, bado anakimbia akiona kitana?

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu. Simu hazishiki tangu mwanzo wa mwezi, kwa hiyo barua nimempa Révérien, yule dereva wa lori aliyetuletea mzigo wako. Sasa kaa chini kwanza, mjomba. Umekaa? Kigali kuna theluji. Sikutanii, na wala sijanywa kitu. Naiona hapa dirishani ninapoandika, imemfika mtu mzima magotini. Migomba yote ya bondeni imelala. Maziwa yanauzwa vipande vipande, unaenda nayo nyumbani unayayeyusha jikoni. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima tulitoka na makoleo kuzoa theluji barabarani, na tulipogeuka nyuma barabara ilikuwa imejaa tena. Watu wamebaki na neno moja tu la mshangao mdomoni: yampayinka, aliyenipa ng'ombe! Hata mchungaji wetu alilisema madhabahuni, na hakuna aliyecheka.

Cha ajabu zaidi, Révérien anasema ukifika Rwamagana jua linachoma, watu wamevaa kandambili, wanamshangaa yeye na skafu yake. Ni juu yetu tu.

Nilitaka hasa kukushukuru kwa lile koti ulilomtumia Mama. Baridi ilianza wiki ileile lilipofika, mimi nasema Mungu ndiye aliyekuonyesha. Unajua hapa kwetu mitumba haiingii kirahisi siku hizi, mji mzima hauna koti la maana. Mama mwenyewe hasikii baridi hata kidogo, na mimi niko pembeni yake na magauni matatu na blanketi juu. Ila nina swali, mjomba. Lilitoka wapi? Halina lebo. Na Mama analala nalo. Juzi nilitaka kumvua nilifue, akanishika mkono anizuie. Mkono wake ulikuwa wa baridi mno kwa mtu asiyesikia baridi.

Mpwa wako,
Kaliza


Mwanza
2 Julai 2025

Mpwa wangu Kaliza,

Marahaba, marahaba sana. Sisi huku tunaendelea kuchomwa na jua, sato ni wa kumwaga, magoti yangu yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Mukunde amekubali kusukwa, lakini upande mmoja tu. Upande wa pili kasema wiki ijayo. Ametembea hivyo hivyo mpaka shuleni, na mwalimu kashindwa. Kichwa kigumu amekirithi kwa bibi yake, usimwambie nimesema.

Barua yako niliicheka mpaka Mukantwari akatoka jikoni. Nikasema haya, Kigali imemharibu mtoto wa watu. Kisha Révérien akavua kiatu palepale dukani, akanionyesha vidole vyake viwili vya mguu, vyeusi tii. Nikaacha kucheka. Kaliza, haya mambo gani jamani?

Kuhusu koti usinisumbue. Mimi nauza mitumba tangu wewe hujazaliwa na sijawahi kushika koti zuri namna ile. Gredi ya kwanza kabisa. Katika kazi yetu mteja anaulizwa limemkaa au halijamkaa, basi. Limemkaa? Mengine ya nini? Dada Mukandekezi, mama yako, alinibeba mgongoni tulipovuka mpaka kukimbilia Ngara, mimi sijui hata kutembea. Nikikutana na kitu kizuri nisimpe yeye nimpe nani?

Mpe maziwa ya moto na umwache avae nguo yake.

Mjomba wako,
Karangwa


Niboye
20 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu zitakuwa fupi. Kaze hayupo tena. Tulimkuta asubuhi amekaa kwenye kochi lake, mwiko mkononi. Tumemweka kwenye stoo yake mwenyewe kwa sababu ardhi haichimbiki, sururu zinaruka. Ndivyo tunavyofanya sasa na wote.

Jumatatu nilikwenda kumtafuta fundi wa kunisaidia na Mama. Kituoni palikuwa na kijana wa pikipiki, amekaa juu ya chombo chake, kofia kichwani, anatazama mbele. Nikamsalimia, nikamwambia nipeleke Biryogo. Hakuwasha chombo. Nikamwambia, kaka, si nazungumza na wewe? Nikamgusa bega. Mjomba, Mungu wangu, bega lilikuwa jiwe. Macho yalikuwa wazi na juu ya macho kulikuwa na barafu. Nilipiga kelele hakuna aliyetoka kwenye nyumba hata moja. Nikaenda kwa miguu, nikilia, machozi yakigandia shavuni mpaka nikayabandua kwa kucha.

Sasa Mama. Hali chakula. Hanywi. Hajasema neno tangu wiki iliyopita. Zahanati walimwekea kipimo cha joto hakikusoma kitu, nesi akabaki ananitazama mimi badala ya kumtazama mgonjwa. Koti halivuliki. Vifungo havitoki, nimejaribu kwa vidole, kwa meno, kwa koleo. Ndiyo maana nilimfuata Sharif, fundi cherehani wa Biryogo aliyenishonea gauni la kipaimara. Alikuja nami mpaka hapa, maskini. Akapitisha mkono kwenye koti zima, mbele na nyuma, akaniambia, "Dada, hii nguo haina mshono. Hakuna mahali mtu alipoishona." Akaweka mkasi kwenye ukosi. Mkasi ukavunjika vipande viwili na vidole vyake vikawa vyeupe mpaka leo.

Nakuuliza kwa mara ya pili, na safari hii usinichekeshe. Koti umelitoa wapi? Na kwa nini huji? Huyu ni dada yako, si mteja. Nataka limtoke Mama, mjomba. Sitaki kingine chochote duniani.

Kaliza


Mwanza
9 Agosti 2025

Kaliza mpwa wangu,

Pole. Pole na Kaze, na wali wake wote. Mukantwari analia tangu nimpe habari za Kaze, mengine ya barua yako nimemficha. Mukunde hajambo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa naumwa. Si kuumwa sana.

Sikiliza. Balo lile la mitumba tulipolikata nyuzi, katikati kulikuwa na barafu. Mwanza hii hii, mwezi wa tano, saa saba mchana. Koti lilikuwa humo ndani peke yake, limekunjwa vizuri, kavu. Wapakuzi wangu wawili waliacha kazi siku hiyohiyo, hawajarudi. Mimi nikasema makontena ya siku hizi yana mafriji, labda walichanganya mizigo. Nikaliona zuri. Basi. Usiniulize tena.

Nitakuja. Kwanza nakwenda Dar kufuata mzigo, nikirudi nakuja.

Karangwa


Niboye
7 Septemba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa Aunti. Nakuomba uisome barua hii kabla ya kugusa mzigo uliokuja nayo. Nasema tena, kabla.

Wiki iliyopita nilikuwa namgeuza Mama ubavu, nikaona ndani ya pindo la koti pamevimba. Nikadhani manyoya yamejikusanya. Kila siku uvimbe ukawa mkubwa zaidi na ukawa unasogea, mjomba, nimeweka kiganja changu na kikasukumwa. Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji bila viatu ili nijue kama ninaota. Sikuwa naota. Alhamisi asubuhi nilipoingia na chai, Mama alikuwa amekaa wima, na mapajani kwake kulikuwa na koti dogo. La kijivu, na manyoya ndani, na vifungo vilevile ila vidogo. Lilikuwa bado bichi. Alikuwa analipangusa kwa upande wa mkono wake.

Birika lilinianguka. Mama akainua uso, akasema, "Kaliza."

Tangu Julai sijasikia sauti yake. Nilipiga magoti palepale kwenye chai iliyomwagika, nikasema abe, Mama, abe. Akaniambia, "Limezaa. Aliyekupa ng'ombe, ndama wa kwanza ni wake. Mpelekee Karangwa. Usiniaibishe kwa ndugu yangu."

Nilibishana. Nilimwambia Mama, hili si ng'ombe, hili ni shetani, tulichome. Akasema mtu haachi kuitura, kumrudishia ndama aliyekupa, kwa sababu ng'ombe ni mkali. Kisha akanitazama na akaanza kunyamaza tena, nikaona kabisa anarudi kule alikokuwa. Nikamwambia basi, basi, natuma! Kwa kuitwa jina langu tu ningetuma hata paa la nyumba. Nimelifunga kwenye boksi na pakiti za majani ya chai juu yake ili Révérien asiogope kulibeba.

Sasa heshima ya Mama imetimia, zawadi imefika kwako. Lililobaki ni letu mimi na wewe. Usilivae. Asilivae mtu. Chukua mtumbwi, nenda nalo katikati ya ziwa, lifungie jiwe, litupe. Usiligeuzegeuze kuangalia gredi.

Mpwa wako,
Kaliza


Niboye
15 Septemba 2025

Mjomba, mjomba, mjomba!

Limetoka! Jana Jumapili mchana nilikuwa namlisha uji usiolika, nikasikia tik, kifungo cha kwanza kikafunguka chenyewe. Kisha cha pili. Koti likamteremka mabegani likaanguka sakafuni, na nilipoliinua likanivunjikia mikononi, likawa vumbi la kijivu nikalifagia kwa ufagio wa kawaida. Mama ana mikono! Mikono yake miwili, imekonda, ina mikunjo, ina joto! Akasema ana njaa. Amekula viazi vya mtu mzima na akaniuliza kwa nini nimekonda hivi.

Na nje, sijui nikuandikieje. Jua! Lilitoka ghafla na watu wote wakatoka nyumbani wakasimama barabarani mdomo wazi. Maji yanashuka kila mahali kuelekea bondeni, kule mtaa wa Kimisagara mafundi bati wanaelea na majiko yao waliyotengeneza kwa mapipa, lakini hakuna anayelalamika. Wengine wanacheka, wengine wameanza sasa kuwalilia watu wao, kwa sababu sasa ardhi inachimbika. Kaze tunamzika kesho.

Ulilitupa ziwani, sivyo? Jana mchana? Najua ni wewe. Nisamehe maneno yangu ya Julai. Simu bado hazijarudi, ukipata barua hii niandikie jinsi lilivyozama, nataka nisome kila kitu.

Mwenye furaha,
Kaliza


Mwanza
21 Septemba 2025

Kaliza,

Barua zako mbili nimezisoma pamoja juzi niliposhuka basi kutoka Dar. Sikuwepo. Kaliza, sikuwepo.

Mzigo ulifika Jumapili asubuhi. Barua Mukantwari hakuifungua kwa sababu ina jina langu, na wewe unamjua, barua ya mtu hagusi. Boksi alilifungua, maana zawadi ya wifi ni ya nyumba nzima. Akakuta chai, akafurahi. Akakuta koti la mtoto, akapiga vigelegele. Wakatoka kanisani, mchana, akamvisha Mukunde. Anasema lilimkaa utadhani alipimwa.

Halitoki. Nimevunja mikasi yote ya dukani. Nimevunja msumeno. Nimemshika mtoto kati ya magoti yangu nikavuta mpaka mke wangu akanipiga kofi. Mukunde halii. Siku ya kwanza aliruka ruka akisema yeye ni simba. Sasa anakaa. Nikimwita anageuza kichwa, lakini anachelewa, na kila siku anachelewa zaidi. Nywele zimebaki zimesukwa upande mmoja.

Leo asubuhi mawe ya kilimani kwetu yameamka meupe. Majirani wametoka kupiga picha, watoto wanayalamba. Wanashangilia, Kaliza! Mimi nimerudi ndani nikafunga mlango.

Mimi ndiye niliyelitoa. Ungenilaani ungekuwa na haki. Lakini huyu ana miaka sita. Mama yako alitokaje? Kulikuwa na maneno? Kulikuwa na dawa? Niambie ulichofanya, chochote, nitafanya. Niandikie upesi.

Karangwa


Niboye
27 Septemba 2025

Mjomba Karangwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa sakafuni. Mukunde jamani. Mukunde!

Mama anaendelea vizuri, ameanza kwenda sokoni. Kuhusu ulichouliza, kwa kweli hatukufanya kitu. Lilimtoka lenyewe tu. Nadhani lina muda wake. Mpeni vitu vya moto, mkae naye, msubiri, litafunguka. Msihangaike na vitu vingine. Na ukiona chochote kwenye pindo, kichomeni hapohapo, kabla hakijakamilika, wala usimwandikie mtu habari zake.

Nawaombea kila saa.

Kaliza

*

Karangwa ndugu yangu,

Ni mimi Mukandekezi. Kaliza aliacha barua mezani akaenda kutafuta bahasha, nikaisoma; hii yangu nampa Révérien mkononi. Amekudanganya. Usimkasirikie, mtoto anamkinga mama yake, hata mimi ningefanya hivyo kwa mama yetu.

Nikuambie jinsi ilivyo, mimi nilikuwa ndani yake. Koti linazaa. Likizaa, mzaliwa wa kwanza arudi kwa aliyelitoa, naye au mtu wa nyumba yake akilivaa, aliyekuwa ndani anatoka. Mimi sikuyajua hayo nilipokutumia, nimeyajua siku liliponitoka; nilidhani naitura vizuri. Nilimfungulia mtoto wako mlango huo kwa adabu zangu. Nimelia mpaka nimemaliza, sasa nazungumza.

Aliyempa Mukunde ni mimi. Kwa hiyo likizaa, usilichome kama Kaliza anavyokuambia. Ukilichoma yeye atabaki humo. Lilete. Usimpe dereva, lilete mwenyewe, na mtoto umbebe. Litakuwa dogo sana, najua, huenda la kitoto kichanga. Halitanitosha. Nitaingiza mkono mmoja, na mkono ni mtu.

Mpaka siku hiyo zungumzeni naye. Msikae kimya naye chumbani mkidhani hayupo. Mimi nilikuwa nasikia kila kitu, nilisikia mpaka Kaliza akinitukana kwa uchovu, na hayo matusi yalinishikilia. Mwimbieni, mgombezeni, Mukantwari amtishie kumsuka upande wa pili.

Na usiogope kwamba nitawarudishia watu wa Kigali ile baridi. Wamezika vya kutosha. Sitalivalia hapa. Kaliza hajui bado, nitamwambia nikiwa nimeshafunga kanga zangu. Utatupitisha Musanze na lori la Révérien, kisha nitapanda mlima Karisimbi nikiwa na mtu wa kunishika mkono mpaka nusu ya njia, mbele nitakwenda mwenyewe. Nitalivalia kule juu. Kule weupe umekuwepo tangu kabla ya babu zetu, hakuna atakayeshangaa.

Dada yako,
Mukandekezi